Oveni, mkaa wazi au kupalia: moto upi unafaa kwa nguruwe wa kuchoma wa Kichina nyumbani Tanga

Ile nyama ya nguruwe nyekundu inayong'aa, yenye kingo zilizoungua kidogo na utamu uliochanganyika na chumvi, ambayo migahawa ya Kichina ya chakula cha kufungiwa huikata vipande vyembamba na kuilaza juu ya wali, asili yake ni jimbo la Guangdong, kusini mwa China, na kwa Kikantoni huitwa char siu. Jina lenyewe linaeleza mapishi, kwa kuwa neno la kwanza ni uma na la pili ni kuchoma: hapo kale vipande vya nyama vilichomekwa kwenye uma mrefu na kuokwa motoni. Siku hizi wapishi wa kazi hiyo huvitundika kwa kulabu ndani ya tanuri lililosimama kama pipa, joto likivizunguka pande zote na mafuta yakidondoka chini, mbali na nyama. Mtu anayetaka kuipika nyumbani hapa Tanga hana tanuri hilo, na kwa maoni yangu swali lake la kwanza halipaswi kuwa atanunua chupa gani za sosi, bali ni moto upi kati ya alionao utakaoikaribia kazi ya tanuri lile.

Nimeipika nyama hii kwa njia nne katika jiko langu la Chumbageni, yaani kwa oveni, kwa kuibanika juu ya mkaa ulio wazi, kwa sufuria iliyopaliwa makaa juu na chini kama tunavyooka keki, na kwa kuichemsha kwanza kisha kuikaanga. Kila njia nimeipima kwa mambo matatu. La kwanza ni kama joto lake ni kavu na linaizunguka nyama. La pili ni kama ninaweza kufungua, kupaka asali na kufunga tena mara tatu bila kuupoteza moto. La tatu, ambalo mapishi mengi hayaligusi lakini lina uzito katika mji kama huu, ni moshi na harufu vinaelekea kwa nani.

Njia ya nne naiondoa mapema. Kitimoto cha kuchemshwa kikakaangwa na ndizi, pilipili na kachumbari pembeni, ni chakula ninachokipenda, na sina nia ya kukibeza. Hata hivyo nyama iliyochemshwa huacha utamu wake majini, na viungo vya kupakwa baadaye hukaa juu juu tu kama rangi ya ukuta. Wajapani wanayo nyama yenye jina lililotokana na hilo hilo la Kikantoni, ambayo huviringwa na kuchemshwa taratibu kwenye mchuzi wa soya, nayo ni nzuri kwa tambi, lakini haina kingo zile zilizoungua. Wengi wetu huchemsha kwa sababu ya hofu ya minyoo ya tegu, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa tegu wa nguruwe yupo nchini. Dawa yake ni kununua nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri, kuikataa nyama yenye vilengelenge vyeupe mithili ya punje za wali ndani ya misuli, na kuipika hadi katikati. Nchini Marekani, tangu 2011, wizara ya kilimo inaelekeza kwamba kipande kizima cha nguruwe kifikie nyuzi 63 za Selsiasi ndani yake kisha kipumzishwe kwa dakika tatu. Mimi hukifikisha nyuzi 75, kwa sababu najua ninaponunua, na kwa sababu nyama ya shingo na bega huwa laini zaidi ikivuka hapo. Kipimajoto cha nyama ni kijiti kidogo tu chenye saa kichwani, nacho huondoa ubishi wote wa kama nyama imeiva.

Kabla ya moto kuna kipande, na hapa hakuna ulinganisho mrefu. Shingo ndiyo bora, kwa kuwa mafuta yake yamepenya katikati ya nyama badala ya kukaa upande mmoja. Bega linafuata kwa karibu. Paja na ile nyama nyembamba ya mgongoni hukauka kabla ya asali kushika, na tumbo hutoa mafuta mengi mno kwa yeyote asiye na oveni yenye trei ya kuyakinga. Tatizo la mabucha yetu ni namna ya kukata. Muuzaji huinua shoka na kuuliza, "Mama, nikukatie mchanganyiko?" na usipomwahi utaondoka na mifupa, ngozi na vipande visivyofanana hata viwili. Mimi humjibu, "Hapana mwanangu, nataka steki ya shingo, usiikate, nitaikata mwenyewe." Nikifika nyumbani naipasua kwa kufuata urefu wa nyuzi zake kuwa mikanda yenye upana wa sentimita 4 hadi 5 na urefu wa shubiri moja. Mkanda mwembamba kuliko huo hugeuka mshikaki, na ulio mnene zaidi huungua nje ukiwa bado haujaiva ndani.

Viungo vya kuilaza nyama havibadiliki kwa kubadilisha jiko, kwa hiyo navitaja mara moja. Kwa kilo moja natumia vijiko vitatu vya mezani vya sosi ya soya, vijiko vinne vya sukari, viwili vya hoisin, ile sosi nzito na tamu ya Kichina itokanayo na soya, viwili vya mvinyo wa mchele, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga nyeupe, na nusu kijiko cha chai cha unga wa viungo vitano vya Kichina. Unga huo kwa kawaida una mdalasini, karafuu, shamari, kiungo chenye umbo la nyota chenye harufu ya anisi, na pilipili ya Sichuan inayotia ganzi ulimini. Mdalasini na karafuu hatuna haja ya kuvifuata mbali, kwa kuwa vinalimwa hapo Muheza katika vilima vya Amani, na vikisagwa siku hiyo hiyo huwa na nguvu kuliko vya pakiti, kiasi kwamba ni lazima upunguze karafuu isije ikafunika kila kitu. Asiyepata hoisin aongeze kijiko cha sukari guru na kingine cha soya badala ya kuhangaika kuitengeneza. Nimeijaribu ile mbadala ya siagi ya karanga, na nyama ikanukia kashata.

Wekundu ndio huwatia watu wasiwasi kuliko yote. Zamani ulitokana na mchele uliochachushwa kwa kuvu nyekundu, au na jibini la soya lililochachushwa kwa mchele huo huo, na migahawa mingi ya kufungiwa sasa hutumia rangi ya chakula tu. Matone machache ya rangi yanatosha. Maji ya bitiruti, ambayo shoga yangu aliyapendekeza kwa nia njema, hugeuka kahawia motoni na kukuacha ulipoanzia. Nyama ilale kwenye friji usiku mzima, ukiigeuza mara moja, na itolewe nusu saa kabla ya kuokwa.

Oveni

Faida ya oveni ni kwamba haikuhitaji. Unaweka nyuzi 200, unapanga mikanda juu ya wavu wenye trei yenye maji kimo cha sentimita moja chini yake, ili mafuta yanayodondoka yasiungue na kujaza moshi, unaoka dakika 20, unageuza, unashusha hadi 180 na kuoka dakika nyingine 15, kisha unapaka asali iliyolegezwa kwa maji ya moto mara tatu, kila baada ya dakika tano. Kilo moja huiva kwa kama dakika 50, na katikati yake huwa na unyevu ambao mkaa hauutoi kirahisi.

Lakini oveni zetu si za aina moja, na tofauti hiyo ndiyo huamua. Oveni iliyo chini ya jiko la gesi mara nyingi ina moto wa chini pekee. Nyama huiva vizuri, ila upande wa juu hubaki umepauka na asali hulowana badala ya kung'aa, na hata ukiongeza joto kinachoungua ni trei. Oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani ina waya wa joto juu na chini, hivyo hushika rangi vizuri zaidi, ila nafasi yake ni finyu na sukari iliyo sentimita chache kutoka kwenye waya huungua ukiwa umegeuka kuchota maji. Wavu ukae katikati kabisa, na dakika 15 za mwisho usiondoke. Gharama nayo izingatiwe: kuwasha oveni ya gesi kwa karibu saa nzima kwa ajili ya kilo moja si matumizi mazuri ya mtungi, lakini kwa kilo tatu zilizopangwa pamoja inalipa. Umeme ukikatika wakati wa kupaka asali, mwenye oveni ya mezani hana la kufanya ila kuhamishia nyama mkaani.

Mkaa ulio wazi

Kwa ladha ya kingo, hakuna kinachoushinda mkaa. Mafuta yanayodondoka juu ya kaa hurudi kama moshi na kuipa nyama harufu ambayo oveni haiwezi kuitengeneza. Hasara yake ni sukari. Mara yangu ya kwanza nilibanika kama ninavyobanika mishikaki, nikaipaka nyama asali tangu mwanzo, na ndani ya dakika kumi nilikuwa na mikanda myeusi ti ambayo nilipoikata ilikuwa mibichi katikati. Nililaumu mkaa, kumbe kosa lilikuwa mpangilio wangu. Makaa yanapaswa kusukumwa upande mmoja wa jiko, nyama ikae upande usio na makaa ikiwa imefunikwa kwa sufuria iliyopinduliwa au karai, na iive kwa joto la pembeni kwa dakika 30 hadi 40 huku ikigeuzwa. Asali ingoje hadi mwisho kabisa, ndipo mikanda isogezwe juu ya makaa kwa dakika mbili mbili kila upande.

Jiko dogo la kawaida la duara halina nafasi ya kugawa moto hivyo, na hapo ndipo wengi hukwama. Unahitaji jiko refu la kuchomea au nusu ya pipa. Kisha kuna upepo. Wakati wa kusi, alasiri, upepo kutoka baharini hupuliza makaa kwa nguvu kiasi kwamba moto uliouacha mpole unaukuta unawaka, kwa hiyo nabanika asubuhi au nyuma ya ukuta. Tena kuna moshi wenyewe. Mtaa wangu ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa, na ingawa hakuna aliyewahi kuniambia neno, sioni ustaarabu wa kumpelekea jirani harufu ya kitimoto barazani kwake, sembuse mwezi wa Ramadhani. Mwenye kiwanja kikubwa nje ya mji ana uhuru wa kubanika ambao mimi sina.

Kupalia

Njia ya tatu ndiyo niliyoidharau zaidi na ndiyo ninayoitumia zaidi. Kila aliyekulia nyumba ya pwani amemwona mama au bibi akiupalia wali, yaani akiweka makaa juu ya mfuniko ili ukauke vizuri, na wengi wetu tumekula keki zilizookwa kwa moto wa juu na chini kabla ya kuona oveni. Sufuria iliyopaliwa ni tanuri dogo: joto hutoka juu na chini, kuta zake hulirudisha ndani, na kiasi chake unakiamua wewe kwa kuongeza au kupunguza kaa mojamoja.

Inahitaji sufuria nzito na pana, yenye kimo cha kutosha ili nyama isiguse mfuniko. Chini naweka vijiwe vitatu bapa, juu yake sahani ya bati ya kukinga mafuta, kisha wavu wa duara, na mikanda juu ya wavu bila kugusana wala kugusa kuta. Moto wa chini uwe theluthi moja tu ya makaa, na theluthi mbili zikae juu ya mfuniko. Ukigeuza hesabu hiyo, mafuta ya kwenye sahani yataungua na nyama yote itanuka moshi mchungu.

Kasoro yake ya kwanza ni mvuke. Nyama iliyolazwa kwenye viungo usiku mzima hutoa maji, na sufuria iliyofunikwa barabara huyazuia, hivyo baada ya nusu saa unaweza kufunua ukakuta nyama imeiva lakini imepauka kama iliyotokoswa. Tiba ni kuipangusa mikanda kabla ya kuiingiza, kuacha dakika 25 za kwanza zipite ikiwa imefunikwa, kisha kuigeuza, kumwaga maji yaliyojikusanya kwenye sahani, na kutoka hapo kuuinua mfuniko kidogo kwa kijiti chembamba upande mmoja ili mvuke utoke. Wakati huo huo makaa ya juu yaliyokwisha kufifia yabadilishwe kwa mapya yanayowaka, kwa kuwa ndiyo yatakayoifanya asali ing'ae.

Kasoro ya pili ni majivu. Kupaka asali mara tatu maana yake ni kuuinua mfuniko wenye makaa mara tatu, na mfuniko wa kawaida umebinuka katikati, hivyo ukiuinamisha hata kidogo kaa moja huviringika, na majivu yake hutua juu ya asali inayonata, yasiondoke tena. Nimewahi kukaa na ncha ya kisu nikibandua majivu kwenye mkanda mmoja mmoja kama mtu anayetoa miiba ya samaki, wageni wakiwa sebuleni. Baada ya siku hiyo nilimpelekea fundi wa mabati wa Ngamiani mfuniko wangu akauzungushia ukingo wenye kimo cha vidole viwili, akaweka na vishikio viwili pembeni badala ya kimoja juu. Sasa nauinua kwa mikono yote miwili, ukiwa sambamba, nauweka juu ya matofali mawili, napaka, naurudisha. Makaa hayasogei. Kazi hiyo ndogo ya fundi ndiyo iliyobadilisha uamuzi wangu, na asiyekuwa tayari kuifanya ninamshauri abaki na oveni.

Kuhusu muda, kupalia huchukua dakika 50 hadi saa moja kwa kilo moja. Moshi ni mdogo kwa kuwa mafuta hukingwa na sahani na hayagusi kaa, na harufu haivuki uani. Kingo huungua kidogo kuliko za mkaa wazi na vizuri zaidi kuliko za oveni ya gesi.

Nani achague nini

Mwenye oveni ya umeme yenye joto la juu na chini, anayepika kwa mara ya kwanza, aanze nayo, kwa sababu itamfundisha nyama iliyoiva inafananaje bila kumwongezea mzigo wa kusimamia moto. Mwenye oveni ya gesi yenye moto wa chini pekee aiokee humo kwa dakika 35, kisha aimalizie kwa dakika chache juu ya jiko dogo la mkaa akiipaka asali hapo. Mchanganyiko huo ndio uliotoa nyama bora kuliko zote nilizopika, ila unamtaka mtu awashe majiko mawili kwa chakula kimoja, nami huufanya kwa nadra. Mkaa wazi peke yake namwachia mwenye uwanja, jiko refu na mazoea ya kuchoma. Wengine wote, ambao nadhani ndio wengi, wana jiko la mkaa, sufuria nzito na sokoni pa kununua asali, na kwao jibu langu ni kupalia.

Vyombo navyo vitengwe. Mimi nina sufuria, wavu na ubao wa kukatia ambavyo havitumiki kwa kitu kingine, ili jirani anapokula kwangu awe na hakika ya sahani yake. Viungo hivi hivi, ukiondoa mvinyo, vinakubali mapaja ya kuku wa kuchinjwa yaliyotolewa mfupa, na kwa sufuria nyingine iliyopaliwa huiva kwa dakika 35 hadi 40.

Nyama ikitoka, ipumzike dakika kumi kabla ya kukatwa kwa kukingamisha nyuzi zake. Wali uwe mweupe, wa maji na chumvi kidogo tu. Wali wa nazi ninaupenda kuliko wali wowote, lakini tui na asali hugombana mdomoni. Chainizi ya Lushoto iliyopitishwa kwenye maji ya moto na kutiwa kitunguu saumu inatosha kuwa mboga. Kinachobaki cha oveni na cha kupalia hukaa kwenye friji siku tatu na hulainika tena kikikatwa vidogo kwenye wali wa kukaanga na mayai, ila cha mkaa wazi hukakamaa kufikia asubuhi, kwa hiyo ukibanika, banika cha kuliwa siku hiyo.